Tulivyomtuma Mtani Kukagua Timu ya Chuo

Watu wa Kilwa Kivinje wakikuambia kwamba siku ile tulifungwa kwa ajili ya kipa, waulize kwanza: nani alimtuma Mngoni? Wataanza kukohoa. Mmoja atakumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Mwingine atakuuliza habari za kwenu.

Kipa mwenyewe ni mimi. Niko hai, meno mengi bado yapo kinywani, na shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo msomaji asinitafutie mapambo ya maneno. Nitasema nani alifanya nini. Majina siyaandiki kwa sababu wenyewe wana wajukuu, na mjukuu hana kosa la babu yake. Lakini wewe kaa Kivinje kutwa moja, kunywa kahawa, utawajua wote.

Mkubwa wao ni fundi cherehani, mwenyekiti wa timu yetu. Zama zile za Mwingereza timu haikuwa na ofisi. Ofisi ilikuwa kibaraza cha fundi. Mikutano ilifanyika yeye akishona, na akitaka kukukatiza maneno hakusema kitu, alikanyaga cherehani mpaka ukanyamaza. Anayemfuatia ni karani wa Liwali, katibu wetu, mtu aliyefunga tai katika joto la Kivinje, joto ambalo mbuzi angekuwa na vifungo angevua ngozi. Huyu alikuwa amesoma. Kila jambo kwake lilikuwa na "mbinu." Hata akichota maji mtungini alikuwa na mbinu.

Mimi si mtu wa Kivinje. Ni mtu wa Mitole, mtoto wa mkulima, na mama yangu ni Mmwera wa bara ya Lindi. Mjini nilikuja kufanya kazi ya boriti. Wenzangu walikata miti mikokoni, mimi nilisimama ndani ya mashua nikadaka boriti walizokuwa wakinirushia. Mtu aliyezoea kudaka boriti, mpira kwake ni kama boga. Ndivyo nilivyoipata fulana ya golikipa, fulana ya kijani ya mikono mirefu, moja tu mji mzima.

Na fulana ile, ndugu yangu, ndiyo iliyonifanya mtu. Kabla yake nilikuwa "yule wa shamba." Muuza kahawa alinimiminia kikombe cha mwisho, chenye mashapo. Baada ya fulana, nikipita sokoni watoto wanapiga kelele, "Kipa! Shikamoo Kipa!" Bibi wa vitumbua ananiongezea kimoja bila kuombwa. Mzee mmoja mwenye binti akaanza kuniuliza wazazi wangu hawajambo na shamba letu lina mikorosho mingapi. Unaelewa? Mzee wa Kivinje hamuulizi mtu wa Mitole habari za mikorosho bure.

Sasa fundi alikuwa na mpwa. Kijana mfupi, mashavu kama andazi, aliyekuwa akiuona mpira unakuja anafumba macho kama mtu anayepita penye nyigu. Fundi alitaka mpwa wake avae fulana ya kijani. Mwaka ule masika yalipokatika na barabara ikaanza kupitika, ikatangazwa kwamba mechi ya kwanza ya kugombea kikombe cha Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa wilaya, tutacheza na chuo cha walimu, chuo cha misheni huko bara ya Lindi. Fundi akakata uzi kwa meno, akasema mbele ya watu wote:

"Mwaka huu hatubembelezani. Kipa akifungwa ovyo mechi ya kwanza, fulana inahama."

Watu wakanitazama mimi. Mpwa akaitazama fulana.

Timu ya chuo hatukuijua hata kidogo. Zilikuja habari za madereva wa malori waliosimama kula Nangurukuru. Mmoja alisema vijana wale wote wanacheza na viatu. Mwingine alisema wana mchezaji mwenye watoto wanaosoma. Katibu akalegeza tai yake kidogo, dalili ya kwamba anafikiri, akasema, "Kwenda vitani bila upelelezi ni ujinga. Tutume mtu akawakague mmoja mmoja kabla msimu haujaanza. Tujue nani ana nguvu wapi na nani ana udhaifu wapi."

Shauri lenyewe zuri, silikatai. Ubaya ulikuja kwenye kuchagua mtu.

Pale Kivinje alikuwepo Mngoni mmoja, mchukuzi wa magunia katika ghala la Mhindi. Alikuja pwani kutafuta kazi ya mkonge, akaipita kazi ya mkonge, akafika kwetu, akasahau kurudi Songea. Mtu wa maneno, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Na kwa upande wa mama yangu, Mngoni yule alikuwa mtani wangu. Babu zake waliwapiga babu zetu Wamwera, wakachukua mbuzi, wakachukua na watu. Vita vikaisha, wajukuu tukabaki na matusi. Kila asubuhi alinisalimu hivi: "Wewe mateka wangu, nani kakuruhusu kuvaa viatu?" Na mimi namjibu, "Babu yako alikufa kwa kuvimbiwa na mbuzi wa wizi." Halafu anaingia ndani kwangu, anafunua chungu, anakula. Kukasirika hairuhusiwi. Mtani akikutukana, cheka. Akichukua kitu chako, mwache. Siku ya msiba wako yeye ndiye atakayelala mbele ya jeneza kuzuia njia mpaka apewe chochote, na yeye ndiye atakayewachekesha watoto wako wasife kwa kulia. Na mtani hasifiwi mbele za watu. Ukimsifu hadharani, umemfanya mgeni.

Mambo haya hata mtoto wa kusini anayajua. Fundi aliyajua. Katibu aliyajua. Sasa sikiliza.

"Tumtume Mngoni," fundi akasema.

Nikainua mkono. "Mwenyekiti, vijana wa chuo kile wengi ni Wamwera. Mngoni ni mtani wao."

"Ndiyo maana!" Katibu akaruka kutoka kwenye kigoda. "Mgeni akichungulia uwanjani kwao ataulizwa. Mtani nani atamwuliza? Ataingia mpaka jikoni. Atalala kwenye kitanda cha nahodha wao, nahodha alale chini. Hiyo ndiyo inaitwa mbinu."

"Kuingia ataingia," nikasema. "Mimi naogopa kutoka kwake. Atatoka na maneno gani?"

Fundi akakanyaga cherehani. Ikalia mpaka nikakaa chini.

Basi Mngoni akapanda lori la chumvi, akaenda. Tulipomwona tena alikuwa amenenepa, na kichwani amevaa kofia ya majani ya wanafunzi wa chuo. Alisema aliichukua mapajani mwa nahodha wao wakati nahodha anasali, na nahodha hakufanya kitu ila kucheka katikati ya sala. Hapo katibu alinitazama kwa jicho la "unaona?"

Jioni ile kibaraza cha fundi kilijaa mpaka watu wakakaa barabarani. Mngoni alipewa kiti. Akapewa kahawa. Akaomba na tende, akapewa.

"Haya," katibu akasema, "tuanze na golikipa wao."

"Golikipa?" Mngoni akatema kokwa ya tende. "Ana viganja kama nyungo mbili. Akipiga makofi kanisani mishumaa inazimika. Halafu mvivu! Siku zote nilizokaa pale sikumwona akiruka hata mara moja. Kasimama tu, mpira unamwendea mwenyewe kama kifaranga kwa mama yake."

Watu wakacheka. Katibu akageuka kwa wachezaji wetu. "Mmesikia? Kipa wao haruki. Tutapiga mashuti ya mbali."

"Senta hafu wao je?"

"Yule si mtu, ni upondo. Upondo wa kusukumia mtumbwi, umevishwa kaptula. Akitaka kufunga kamba za kiatu lazima amtume mtu. Ndege wa porini wanamzunguka wanamchunguza kama anafaa kujenga kiota."

"Mrefu hana wepesi," katibu akatafsiri. "Huyo hatumkabi. Hata kwenye kona, mwacheni."

"Winga wa kushoto?"

"Kaa! Wallahi mimi Mkristo lakini naapa kwa dini yenu, yule ni kaa. Hajui kwenda mbele. Unamwona huku, mara yuko kule, mara karudi huku, mwenyewe sidhani kama anajua anakwenda wapi. Beki aliyekuwa akimfuata alifika mahali akakaa chini, akashika kichwa."

"Akicheka?" fundi akauliza.

"Sikumwuliza, mzee wangu."

Watu walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kahawa. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka tangu kwenye upondo. Nilikuwa naitazama picha ile kichwani: mtu mrefu mpaka ndege wanamzunguka, hakuna anayemkaba, na kona inapigwa.

"Na senta fowadi?" katibu akauliza.

Mngoni akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo, kama mtu anayefika kwenye nyama.

"Huyo ndiye aibu ya kabila lao. Hakimbii! Wenzake wanavuja jasho, yeye kasimama mbele ya goli la watu kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa. Mpira ukimfikia anausukuma kwa mguu, hivi, kama mtu anayefunga mlango wa choo. Basi. Anarudi kusimama."

Nikasema, "Anausukuma wapi?"

Wallahi hilo ndilo swali pekee la maana lililoulizwa Kivinje mwaka ule. Mngoni akanitazama, na niliona jambo limepita machoni mwake, kama mtu aliyetaka kunikonyeza akajizuia. Kisha akapaza sauti ile ya ng'ombe.

"Wewe Mmwera nyamaza! Wajomba zako hao, unataka kuwatetea? Mwenyekiti, huyu mateka asije akawafungulia mlango ndugu zake!"

Basi kibaraza kikaangua kicheko, cha kuvunja mbavu, na mpwa wa fundi akacheka kuliko wote. Wamwera wakawa wamekwisha kufungwa palepale kibarazani. Katibu akapanga mbinu: kipa haruki, upondo asikabwe, kaa aachwe apotee mwenyewe, na yule ng'ombe asipewe hata mtu mmoja wa kumlinda, "tusipoteze nguvu."

Nilimfuata Mngoni njiani. "Mtani, niambie kweli. Wanacheza?"

Bahati mbaya yangu, nyuma yetu walikuwa wakija watu. Akawatazama, akanijibu kwa sauti kubwa, "Wamwera wakacheze? Nani kawafundisha, nyani?" Akaenda zake.

Siku moja kabla ya mechi fundi alinitaka nimletee fulana. Alisema imechakaa, anataka kuitia uzi kidogo ili mgeni asitucheke. Nikamwona mtu mwema, nikampa. Akanirudishia kesho yake mchana, muda wa mechi umeshafika. Ninaivaa, mikono inaishia kwenye viwiko. Kwapani imenibana kama mtu kanikumbatia kwa hasira. Kitovu kiko nje.

"Mzee, umeipunguza!"

"Imeingia maji, imenywea," akasema, wala hakuniangalia. "Nyoosha mikono, itaachia."

Karibu na mlango mpwa alikuwa amesimama. Nikamtazama kifua, nikatazama mabega, nikatazama mikono yake mifupi. Nikaelewa. Kipimo hakikuchukuliwa kwangu. Fundi alikuwa ameshaihamisha fulana kabla filimbi haijapulizwa. Kilichobaki ni mimi kufungwa.

Wale vijana wa chuo walishuka kwenye lori wakiimba, na kweli wote walikuwa na viatu. Nilimtambua kila mmoja kabla sijaambiwa ni nani. Upondo alishuka wa mwisho kwa sababu ilibidi akunjuke. Kipa alikuja akanipa mkono, mkono wangu ukapotea ndani. Walipomwona Mngoni wakamkimbilia wote, mmoja akampokonya ile kofia, mwingine akamwagia maji ya kibuyu kichwani. "Mla mbuzi! Umekuja kutuombea?" Naye anawatukana mababu mpaka kizazi cha saba. Furaha tupu. Ungedhani ni harusi.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya mji, na magoli yenyewe ni boriti nilizozidaka mimi. Refa alikuwa Mzungu mmoja wa barabara. Akapuliza filimbi.

Mpira wa kwanza alipewa winga wao wa kushoto. Beki wetu wa kulia, mchinja nyama, mtu mwenye nguvu za kumwangusha fahali, akasimama kumngoja aende mbele. Hakwenda mbele. Alikwenda huku. Akaenda kule. Akarudi huku. Mchinja nyama akageuka naye, akageuka tena, miguu ikafungana, na nikaona kwa macho yangu anakaa chini na kushika kichwa. Hakuwa anacheka. Mpira ukaja katikati, na katikati hakukuwa na mtu wa kwetu hata mmoja, kwa amri ya katibu. Alikuwepo ng'ombe. Akausukuma kama mtu anayefunga mlango wa choo.

Sasa nikajua anausukuma wapi.

"Bahati!" Mngoni akapiga kelele. Alikuwa amesimama nyuma ya goli langu. "Bahati tupu! Mmwera hajui hata goli liko wapi!"

Tukapiga mashuti ya mbali kama tulivyoagizwa. Yalikuwa mazuri, sikatai, mengine yalivuma. Kipa wao hakuruka. Kwa nini aruke? Alinyoosha ungo mmoja, mpira ukatua kama kifaranga. Kisha anautupa kwa kaa, kaa anakwenda huku na kule, mchinja nyama anakaa chini.

Mabao siyataji idadi. Wewe unayeitaka nenda Kivinje, watoto waliozaliwa baadaye wanaijua kwa moyo. Mimi nataka kuandika jambo moja ambalo hakuna anayelisema. Ilikuwa kona. Upondo amesimama peke yake, wenzangu wamempa nafasi kama anaswalisha. Mpira ukapigwa juu, upondo akainama kidogo (aliinama, si kuruka), akaupiga kichwa kwenda pembe ya juu kabisa, pale boriti mbili zinapokutana. Nikaruka. Nilipoinua mikono fulana ikanikataa, ikanivuta chini kwapani. Nikasema leo mimi na wewe, fulana. Ikapasuka, praaa, kutoka kwapa mpaka ubavuni, uwanja mzima ukasikia, na mkono ukatoka, na kwa ncha za vidole nikautoa mpira ule juu ya boriti.

Kilipita kimya. Hata Mngoni nyuma yangu hakusema kitu. Nakumbuka vizuri, maana ndiyo mara pekee aliyonyamaza siku ile. Kisha wakapiga kona nyingine, upondo hakukabwa tena, na mambo yakaendelea.

Mkutano wa kutafuta mkosaji ulikaa kesho yake kibarazani. Fundi hakushona. Hilo peke yake lilitisha.

Walianza na Mngoni. Katibu, tai imekaza mpaka shingo imevimba, akamwambia, "Wewe ulitudanganya."

"Mimi?" Mngoni akasimama, bila kofia, maana wenyewe walikuwa wameshaichukua. "Nilisema mrefu. Hakuwa mrefu? Nilisema viganja kama nyungo. Mliviona vidogo? Nilisema kaa. Alikwenda mbele? Nilisema ng'ombe anasimama tu. Alikimbia?"

"Ulisema kwa dharau!"

"Mzee wangu karani, ulitaka Wamwera niwaseme kwa heshima? Mbele za watu? Babu zangu wanisikie?" Akawageukia watu. "Mliniuliza udhaifu wao na nguvu zao. Vyote niliwapa. Kuvitenganisha ni kazi yenu nyie mliosoma."

Mzee mmoja wa msikitini, ambaye alikuja kwa ajili ya kahawa tu, akasema taratibu, "Mtani hashitakiwi. Mmemtuma mtani akamtazame mtani wake, mkataka alete sifa? Funikeni hiyo kesi."

Ikafunikwa. Nikafurahi, mimi mjinga, nikadhani sasa tutakwenda kwa aliyemtuma. Fundi akasema, "Basi tuje kwa kipa."

Nikasimama. Nikasema niliachwa peke yangu. Nikasema mtu alipewa nafasi kwenye kona kama imamu. Nikasema habari ya fulana, nikainyoosha pale mbele yao, nikaonyesha mikono ilivyokatwa.

"Na umeipasua," fundi akasema. "Mali ya timu."

"Niliipasua nikidaka!"

"Nani aliona?" katibu akauliza. "Sisi tulikuwa mbali, pale katikati. Tutafute mtu aliyekuwa karibu na goli atuambie kwa haki: mabao yale, kipa angeweza kuyazuia au hangeweza? Nani alisimama nyuma ya goli?"

Watu wakamgeukia Mngoni.

"Jamani," nikasema, "huyo ni mtani wangu! Mama yangu Mmwera! Ninyi hapa sasa hivi mmetoka kufunika kesi…"

Fundi akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga. Nikanyamaza. Mazoea ni kitu kibaya.

Mngoni alisimama pale katikati. Nikamtazama kwa macho ya kumwomba, na yeye akanitazama, na naapa nilimwona anahangaika. Alikuna shingo. Akatazama chini. Kibaraza kilikuwa kimejaa, watu wako mpaka barabarani, Wangoni wenzake wawili wa ghalani wamekuja pia, wamesimama nyuma wamekunja mikono wanangoja waone kijana wa kwao atasema nini juu ya Mmwera.

Akavuta pumzi.

"Huyu?" akasema. "Huyu akilala chali chini ya mwembe, embe likimdondokea kifuani, litampita."

Ndugu yangu, walicheka. Walikuwa wamefungwa, wana huzuni, wana aibu, wakapata pa kupumulia. Mchinja nyama alicheka mpaka akakaa chini, mara hii kwa furaha. Wale Wangoni wawili wakapiga vigelegele kama wanawake. Hata yule mzee wa msikitini mabega yalitikisika, na kikombe chake kikamwagika. Katika kicheko hicho nikamsikia fundi akisema, "Shahidi amesema," na nikaona utepe wa kupimia umeshatoka mfukoni mwake, ingawa hakuwa na la kupima. Fulana ilimkaa mpwa kama ameshonewa. Kwani hakushonewa?

Muuza kahawa alichukua wiki nzima hivi kurudia kile kikombe cha mashapo. Bibi wa vitumbua alikoma siku ileile. Mzee mwenye binti tulikutana njiani, nikamwambia mikorosho yetu imechanua, akasema, "Mikorosho gani?"

Mngoni alikuja mashuani baada ya hapo. Wenzangu walikuwa ndani ya mikoko, hatukuwa na mtu. Akavua shati, akaingia majini, akaanza kunirushia boriti bila kuombwa. Tulifanya kazi bila maneno mpaka maji yakaanza kujaa. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Mtani. Ile kona. Ile iliyopasua fulana."

"Sema."

"Babu yangu angekuona siku ile, angekuachia huru. Na mbuzi angekurudishia."

Boriti ilinipita mkononi, ikatumbukia majini. Ya kwanza na ya mwisho.

"Kwa nini hukusema kibarazani?" nikamwuliza.

Akanishangaa kabisa, kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Mbele za watu? Wewe Mmwera una wazimu?"

Mpwa wa fundi alidaka msimu mmoja, akifumba macho. Yaliyomkuta siyaandiki, nisije nikaonekana nafurahia. Nafurahia. Fundi aliendelea kuwa mwenyekiti, katibu alihamishiwa Lindi na mbinu zake, wakamfanya mkubwa zaidi. Hao ndio waliotufungisha: aliyemtuma mtani, aliyeyageuza matusi kuwa mbinu, na wote wawili walioyarudia makosa yaleyale kesho yake wakayaita ushahidi. Mngoni simweki humo, ingawa ndiye aliyeniua. Yeye alifanya kazi yake.

Bado yupo. Amezeeka kabla yangu, anauza ugoro karibu na soko. Juzi nilimwendea, nikamwambia ninaandika habari ile, na nataka anithibitishie yale maneno ya mashuani, ya babu yake na mbuzi, maana hakuna mtu wa tatu aliyeyasikia, na mimi sina kingine nilichobaki nacho kutoka kwenye mpira. Vijana wawili walikuwa wamekaa pale wananunua ugoro. Wakageuka kusikiliza.

Mngoni akawatazama wale vijana. Akanitazama mimi, muda mrefu, na nikaliona lile jambo linapita tena machoni mwake.

"Kona gani?" akasema. "Huyu naye alikuwa kipa?"